Mhadhara wa Mteremko Haujafungwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio zenu, na wenye watoto wanaopiga kelele wawaombe watulie kwa heshima. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na baada ya kustaafu alianzisha mihadhara ya hadhara ya Chama cha Historia cha mji wetu. Wengi wenu hamkupata kulijua jina lililoandikwa kwenye vyeti vyake. Mlimwita Mama Ushahidi. Nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa jina hilo alilichuma kwa jasho lake.

Mama Ushahidi amefariki dunia. Amefariki na kuacha mhadhara mmoja ambao haujafungwa. Narudia, wasikilizaji: ameacha mhadhara mmoja ambao haujafungwa. Mhadhara huo unahusu ardhi ambayo baadhi yenu mmekaa juu yake hivi sasa, mkinisikiliza.

Kwa wale ambao hawakuwahi kufika, nieleze ukumbi wetu. Ni ghala la zamani la mbegu. Hadi leo, siku ya joto, kuta zake hutoa harufu ya magunia. Jumamosi alasiri tulitundika vitambaa vyeusi madirishani ili picha zionekane ukutani. Viti vilikuwa vya plastiki, na kipaza sauti kilipenda kupiga mluzi kila msemaji alipofikia jambo la maana. Mlangoni alisimama Mama Ushahidi mwenyewe, mwembamba, amenyooka kama rula, akiangalia viatu vya kila mtu.

"Futa miguu, baba. Matope yako hayajaalikwa."

Hakujali anayeambiwa ni diwani au ni mchukuzi wa sokoni. Wote walifuta miguu.

Mbele ya ukumbi palikuwa na meza ya msemaji. Na mbele ya meza hiyo, kikimtazama msemaji uso kwa uso, palikuwa na kiti kimoja cha mbao, kigumu, kisicho na mto. Hicho kiliitwa kiti cha mbishi. Wasikilizaji, shikeni hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kila mhadhara ulikuwa na msemaji mmoja na mbishi mmoja. Kazi ya mbishi ilikuwa kubisha. Msemaji alileta ushahidi, mbishi aliupinga. Siku mbishi aliporidhika, alisimama, akakibeba kiti chake, akaenda kukaa na watu wengine. Hapo mhadhara ulihesabiwa kuwa umefungwa, na Chama kiliweza kuutangaza mbele ya mji kuwa ni kweli. Mbishi asiposimama, mhadhara ulibaki wazi. Chama hakikutamka neno.

Na mbishi hakuokotwa tu. Kanuni ilisema ateuliwe yule ambaye maneno ya msemaji yatamuumiza kuliko watu wote.

Kanuni hiyo aliitunga Mama Ushahidi, naye alikuwa na sababu. Zamani, katika miaka ya mwanzo ya Chama, msemaji mmoja hodari wa maneno alisimama akadai kwamba babu wa mwoka mikate mmoja wa mji wetu aliwasaliti wenzake wakati wa mgomo. Watu walipiga makofi. Juma lile lile duka la mwoka mikate lilivunjwa vioo, na watoto wake wakatemewa mate njiani. Baadaye ilibainika kwamba msemaji alikuwa amemchanganya babu huyo na mtu mwingine kabisa. Vioo vilirudishwa. Ile familia haikurudi kuwa ile ya awali. Tangu hapo Mama Ushahidi aliapa kwamba hakuna neno litakalotoka katika ukumbi wake kabla ya anayeumizwa nalo kupewa nafasi ya kulipinga hadi achoke mwenyewe.

Siwafichi, mara nyingine tulicheka sana. Kinyozi wa karibu na kituo cha mabasi alikalia kiti kile kwa ajili ya saa ya mnara. Yeye alishikilia kwamba babu yake ndiye aliyeipandisha saa juu, na msemaji alishikilia kwamba si yeye. Mhadhara ule uliahirishwa, ukaahirishwa tena. Mwishowe mke wa kinyozi alisimama nyuma ya ukumbi akasema, "Baba watoto, ukubali tu. Babu yako alikuwa anaogopa hata ngazi ya kubadilishia taa." Kinyozi alibeba kiti chake huku ukumbi mzima ukishika mbavu, na Mama Ushahidi akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa chake. Ndivyo alivyokuwa. Mkali, lakini kicheko hakikumpita.

Sasa nije kwenye mteremko.

Wote mnaujua mtaa ulio juu ya mji, ule uliojengwa ubavuni mwa kilima. Nyumba ni nzuri, za matofali, zenye vibaraza na mandhari ya kuvutia. Nyumba hizo, karibu zote, zimejengwa na fundi mmoja. Fundi huyo ni mdogo wake Mama Ushahidi, kitinda mimba wa kwao. Mama yao alifariki fundi akiwa mchanga, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha. Fundi ni mtu wa watu. Mkono wake ni mwaminifu na ukuta wake haupindi. Na nyumba yake mwenyewe iko juu kabisa ya mtaa ule, anakoishi na mkewe, mwanawe na wajukuu.

Mama Ushahidi hakuanza kwa kutafuta balaa. Alitaka tu kuandaa mhadhara mwepesi kuhusu historia ya mtaa. Akajiuliza: mbona watu wa kale, waliojenga kila pembe ya bonde hili, waliuacha ubavu ule wa kilima mtupu, wakapanda miti badala ya nyumba? Akaanza kuwatembelea wazee. Wengi walisema hawajui. Ajuza mmoja, mama mzaa chema wa mwenye kinu cha unga, alimwambia, "Mwanangu, hatukuacha kujenga. Tulijenga. Halafu kilima kikaja."

Kilikuja vipi? Ajuza alieleza kwamba alikuwa msichana mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo, kisha ikakatika. Watu wakafurahi, wakaanika nguo. Jua likiwa limewaka, kilima kikanguruma na safu nzima ya nyumba ikateremka. Walionusurika walihamia bondeni. Walikatazana kulitaja jambo lile mbele ya watoto, na watoto wakakua bila kulijua.

Hilo lilikuwa neno la mtu mmoja. Kwa Mama Ushahidi, neno la mtu mmoja halikuwa ushahidi. Alitafuta kwa muda mrefu, hadi familia moja ikamletea picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ngazi za posta.

Mhadhara ulifanyika. Mbishi, kwa mujibu wa kanuni, alikuwa mdogo wake. Nani angeumizwa zaidi ya fundi aliyejenga mtaa mzima? Nilikuwapo, nimekaa safu ya mbele. Fundi aliingia amevaa koti, akafuta miguu bila kuambiwa, akakalia kile kiti cha mbao.

Mama Ushahidi aliimulika picha ile ukutani. Ilionyesha safu ya nyumba, na juu ya mapaa yake jiwe kubwa jeupe lenye umbo la tandiko la punda. Kisha akamulika picha ya pili aliyoipiga mwenyewe, amesimama kwenye ngazi zile zile za posta. Safu ile ya nyumba za kale haikuwapo. Na jiwe lile lile, jeupe, lenye umbo lile lile, lilikuwa upande wa chini wa barabara.

 Safari hii kipaza sauti hakikupiga mluzi.

"Jiwe limeteremka," alisema Mama Ushahidi. "Na lililolibeba ni kilima."

"Dada, samahani," alisema fundi. "Barabara ilipotengenezwa upya tingatinga lilisukuma mawe mengi. Na hilo lilisukumwa."

"Nani aliliona likisukumwa?"

"Dereva wa tingatinga."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Shahidi wako ana bahati," alisema dada yake. "Hatatoka jasho mbele yangu."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, lakini niliiona mikono yake. Ilishika kingo za kiti.

Mama Ushahidi aliendelea. Alionyesha nguzo za ua zilizoinama zote upande mmoja. Alieleza jinsi maji yalivyochipuka katika sakafu ya jiko moja wakati wa kiangazi, siku ambazo hata mabomba yalikuwa makavu. Kwa kila jambo fundi alikuwa na jibu. Nguzo zilichimbiwa kwa pupa. Maji ni bomba lililopasuka chini kwa chini. Nyufa ni saruji mbovu ya wauzaji wasio na haya. Majibu yake yalikuwa mazuri, wasikilizaji. Moja moja, yote yalikuwa mazuri. Yalitisha yalipowekwa pamoja.

Ndipo mama mmoja, fundi cherehani, mkazi wa mtaa ule, aliponyanyua mkono.

"Mama, mimi sikusoma sana. Mlango wangu wa jikoni umepigwa randa mpaka umekuwa mwembamba kama ubao wa kukatia vitunguu, na bado haufungi. Niambie neno moja tu. Tuhame, au tusihame?"

Watu wote walimtazama Mama Ushahidi. Mama Ushahidi alimtazama mdogo wake. Fundi alikuwa amekaa.

"Mhadhara haujafungwa," akajibu. "Chama hakina neno kwa sasa."

Fundi cherehani alisubiri kidogo, kama mtu aliyedhani ataongezewa. Kisha alikunja leso yake, akarudi nyumbani. Akarudi kwenye nyumba ile ile. Yumo humo hadi leo.

Wapo waliomlaumu Mama Ushahidi papo hapo. Mweka hazina wetu alimfuata mlangoni akamwambia, "Mwalimu, hii si saa ya mnara. Hapa kuna roho za watu." Naye akamjibu, "Na yule mwoka mikate hakuwa na roho? Leo nikiivunja kanuni kwa sababu nina hakika, kesho ataivunja mwingine mwenye hakika kama yangu na uongo mkononi." Halmashauri ya mji nayo ilipoulizwa ilisema kwa upole kwamba inasubiri kauli ya Chama. Chama kilimsubiri mbishi. Na kilima, wasikilizaji, sijui kilikuwa kikimsubiri nani.

Binti yake Mama Ushahidi ni muuguzi. Amenieleza jinsi mama yake alivyoishi siku zile. Kila Jumapili mchana alipanda mteremko kwa miguu, akala chakula kwa mdogo wake, akawapakata wajukuu wa mdogo wake, wala hakulitaja jambo lile mezani.  Binti alimwambia, "Mama, mwambie mjomba basi, mkemee. Wewe ndiye uliyemlea." Na mama yake akajibu maneno haya, nayanukuu kama nilivyopewa: "Mjomba wako atasimama. Sitamvuta. Nilimfundisha kutembea kwa kumwachia mkono, sikumfundisha kwa kumburuta."

Aliamini hivyo. Aliamini hadi mwisho. Mchana mmoja, akiwa mezani akipanga picha kwa ajili ya kikao cha pili, moyo wake ulisimama. Binti alimkuta ameinamisha kichwa, miwani ikiwa bado usoni. Alidhani anasoma.

Tulimzika kwa heshima. Wanafunzi wake wa zamani, sasa wakiwa bibi za watu, walisimama mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu hakuna aliyethubutu kupinda mbele yake hata alipokuwa ndani ya jeneza. Fundi alilibeba jeneza upande wa kichwa. Alilia hadi watu wakamshika. Nilipompa mkono wa pole aliniambia, "Kaka, nimebaki yatima kwa mara ya pili."

Baada ya mazishi kamati ya Chama ilikutana. Swali lilikuwa moja: je, mhadhara wa marehemu unaweza kufungwa bila mbishi kusimama? Tulibishana sana. Wengine walisema kuivunja kanuni ni kumzika mara ya pili. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tulisema kutoivunja ni kuwazika wengine mara ya kwanza. Tulipiga kura. Upande wetu ulishindwa. Mimi ni mtu wa kanuni, na nimeinamia kura ile. Mhadhara wa mteremko uko wazi. Anayeweza kuufunga ni mtu mmoja tu duniani.

Nikaamua kwenda kumwona.

Nilipanda mteremko asubuhi, baada ya mvua ya kwanza ya msimu. Nilibisha hodi. Fundi alinifungulia mwenyewe. Sebule ilikuwa na mwangwi. Hapakuwa na makochi. Vitanda havikuwapo. Ukutani palibaki misumari iliyokuwa imetundikiwa picha, na sakafuni alama za miguu ya kabati. Yeye alikaa juu ya mfuko wa saruji, akanipisha kiti pekee kilichosalia.

"Watu wako wako wapi, fundi?"

"Wako bondeni, kwa wakwe. Wameenda kidogo tu, kaka. Tunapaka rangi."

"Rangi gani?"

Alipangusa vumbi la saruji gotini.

"Bado sijachagua," akasema.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na ngazi, hapakuwa na kopo, hapakuwa na brashi.

"Majirani wanasemaje?"

"Waliuliza walipoona magodoro kwenye mkokoteni. Nimewaambia hivyo hivyo. Rangi."

"Na wewe mbona hukwenda na familia yako?"

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa. Alikuwa na macho ya dada yake, wasikilizaji, na sikuwahi kuliona hilo kabla ya siku ile.

"Nikiondoka mimi, mtaa wote utajua. Kaka, kila nyumba hapa ni mkono wangu. Hawa watu waliniamini. Yule alijenga kwa kiinua mgongo chake. Yule alijenga kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Nikiinuka kutoka kile kiti nitakuwa nimewaambia kwamba nimewajengea makaburi. Nitaanzia wapi? Mdomo wenyewe utafunguka?"

"Kwa hiyo utakaa humu mpaka lini?"

"Nitakaa. Kilima kikija, kinikute nami nimo. Hapo hakuna atakayesema fundi aliwakimbia."

"Wewe utakuwa umekufa kishujaa," nikamwambia, "na fundi cherehani atakuwa amekufa bila kuulizwa."

 Nje, chini ya dirisha, tulisikia maji yakipita mahali pasipo na mfereji. Nilisimama kuondoka. Nikamwambia, kama mtu muungwana anavyopaswa kumwambia mwenzake usoni, kwamba nitayasema niliyoyaona katika kipindi cha kumkumbuka dada yake. Nilitarajia anifokee. Alikaa juu ya mfuko wake wa saruji, akazitazama alama za mwiko wa kupigia lipu zilizokauka ukutani, kazi ya mkono wake.

"Sema wewe, kaka," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Wasikilizaji wapendwa, sikuja hapa kuufunga mhadhara. Sina mamlaka hayo. Lakini kanuni ya Mama Ushahidi ilitungwa kwa ajili ya ukumbi, na studio hii si ukumbi ule. Humu hamna kiti cha mbishi. Humu yupo mtu mzima anayesema alichokiona kwa macho yake, na anayekubali kuitwa mwongo na yeyote atakayepanda kwenda kutazama. Nimesema nilichokiona, na mwenye nyumba ameniruhusu kukisema.

Natoa pole kwa binti ya marehemu, muuguzi wetu, aliyempoteza mama na mwalimu kwa wakati mmoja. Natoa pole kwa wanafunzi wake, kwa wanachama wenzangu wa Chama cha Historia, na kwa wote waliofuta miguu katika mlango ule. Nawe fundi, najua redio yako umebaki nayo. Pokea pole zangu. Dada yako aliuachia mkono wako kwa sababu alikuamini. Hapana aliyekuwekea siku ya mwisho ya kuinuka kutoka kiti kile. Bado unaweza.

Mwisho nasema na ninyi mnaoishi mteremkoni. Mvua imepungua tangu jana, na nimeona wengi wenu mmeanika nguo. Naomba kila mzazi atafakari jambo hili moja, kwa utulivu, akiwatazama walio nyumbani mwake. Mimi ni babu. Nina wajukuu, najivunia kila mmoja wao, na najua kitu ambacho babu yeyote anakijua: hatuwaondoi wajukuu kwa ajili ya rangi. Mtu aliyejenga nyumba zenu, anayeijua ardhi hiyo kuliko sisi sote, bado amekaa, na bado anabisha kwamba ardhi ni imara.

Pandeni kwake sasa hivi, kabla jua halijatua. Msimuulize habari za kilima. Muulizeni wajukuu zake wako wapi.